Pumba za mpunga: mashine ya mkaa, biogesi au niwaachie wachoma matofali?

MkobojiUbaruku: Wakuu, heshima kwenu. Nina kinu cha kukoboa mpunga hapa Ubaruku, Mbarali. Pumba zimekuwa mlima, zimefika usawa wa bati. Mfukoni nina milioni 14. Ninunue mashine ya kubana pumba ziwe mkaa, nichimbe mtambo wa biogesi, au niendelee kuwaachia wachoma matofali kwa bei ya kutupa? Natakiwa kulipia mashine wiki ijayo. Naomba uzoefu, matusi sitaki.

FunduSpana: Mkuu, mbona hujasema kitu? Pumba gani, laini au ngumu, yaani ganda lenyewe? Unakoboa tani ngapi kwa siku? Umeme wa njia tatu, ule wa mashine kubwa, upo?

BintiKyela: Na kinu chako ni cha roli za mpira au kile cha chuma cha kizamani? Cha kizamani kinasaga ganda na pumba laini pamoja, huchambui tena.

MzeeWaShimo: Biogesi. Nina ng'ombe 4, mwaka wa sita huu nyumbani kwangu hatujui bei ya gunia la mkaa. Tope linalotoka namwagia migomba.

FunduSpana: Mzee, wewe unalisha shimo kinyesi. Ganda la mpunga limejaa silika, madini magumu kama ya mchanga, bakteria hawaliwezi, litaelea tu juu mpaka lizibe bomba. Mabaki mabichi ndiyo yanaoza vizuri, kama pale Hale, Tanga, walipojenga mtambo wa kulishwa mabaki ya mkonge.

MzeeWaShimo: Basi anunue ng'ombe.

Kilombero_77: Ngoja niwape yangu. Nilinunua ile mashine yenye skrubu kubwa ndani, inabana pumba kwa moto zinatoka kama magogo yenye tundu katikati. Siku ya majaribio muuzaji alikuja na pumba zake, kavu kabisa, magogo yakatoka yanang'aa. Alipoondoka nikaweka za kwangu, zilizokuwa zimenyeshewa kidogo. Mvuke ukakwama ndani, gogo likaruka kama risasi, kijana wangu akaliponea chupuchupu. Tukaanza kuanika. Hapo skrubu nayo ikaanza: ile silika anayoisema Fundu inakula chuma kama msasa. Wiki haiishi, nimeibeba begani kwenda kuchomelewa. Halafu shule moja ikachukua magogo, mpishi akalalamika jivu linajaa jikoni, na hela nikaisubiri muhula mzima. Mashine sasa hivi kuku wanatagia chini yake.

BintiKyela: Pole. Lakini soko lipo, serikali si ilishakataza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kupikia kuni na mkaa?

Kilombero_77: Soko lipo dada. Malipo ndiyo yanachelewa.

MkobojiUbaruku: Samahani wakuu, nilikuwa mashineni. Ni pumba ngumu, roli za mpira. Msimu ukichanganya nakoboa tani 6 kwa siku. Umeme bado, natumia injini ya dizeli.

FunduSpana: Dizeli! Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo. Tani 6 za mpunga, moja ya tano ni ganda, unapata kama kilo 1,200. Ukichoma dizeli kubana kitu cha kushindana na kuni, faida itatoka wapi? Na msimu ukiisha utabana nini?

MzeeWaShimo: Nyie mnadharau ng'ombe.

BintiKyela: Achome kwenye pipa lenye hewa kidogo apate makaa, asage, achanganye na uji wa muhogo, afinyange kwa mkono. Skrubu haihitajiki. Na huo mlima uangalie, ukishika moto unaungua ndani kwa ndani wiki nzima, juu unaona baridi, mtoto akikanyaga anazama mguu.

MkobojiUbaruku: Upande wa nyuma unafuka tangu juzi, jirani kashalalamika.

BintiKyela: Mwagia maji leo hii! Zilizo salama gunia shilingi ngapi? Nina banda la kuku linataka matandiko.

MkobojiUbaruku: Njoo na magunia yako tutaelewana. Ila muuza mashine kanipigia sasa hivi, anasema punguzo linaisha Ijumaa.

Kilombero_77: Muulize skrubu ya akiba anauza bei gani.