Bouillabaisse: maana ya neno, na kwa nini mafuta huelea

Swali
Wakuu, bouillabaisse ni nini hasa? Jina hili hubandikwa supu yoyote yenye kamba na kome. Na mafuta ya zeituni yakielea juu badala ya kushikana na mchuzi, kasoro huwa wapi?

Jibu la 1
Mkuu, hutamkwa "buyabesi". Asili yake ni Kiprovansi cha kusini mwa Ufaransa, bolhabaissa, na ndani yake mna vitenzi viwili: kuchemka na kushusha (yaani kupunguza moto). Kilikuwa chakula cha wavuvi wa Marseille, waliopika samaki wa miamba wenye miiba mingi waliokosa wanunuzi. Kamba na kome peke yao basi hawatoshi. Mwaka 1980 wenye mikahawa wa Marseille waliandikiana mkataba: lazima wawemo samaki wa aina nne au zaidi kutoka orodha yao, yenye rascasse, baudroie, Saint-Pierre, mkunga na wengineo. Kamba koche ni hiari. Mchuzi na samaki hupakuliwa mbalimbali.

Jibu la 2
Kuhusu mafuta: huo "kushusha" usiufuate mapema. Mchemko mkali ndio unaovunja mafuta yawe matone madogo, na ute wa vichwa na mifupa huyazuia yasiungane tena. Moto mdogo tangu mwanzo, au minofu mitupu, na mafuta yatapanda juu tu.

Kaanga kitunguu, shamari, kitunguu saumu na nyanya kwa mafuta ya zeituni. Tia samaki wadogo na vichwa (toa matamvua, yanaleta uchungu), maji ya moto, kipande cha ganda la chungwa. Chemsha kwa nguvu dakika 20 hivi, ponda, chuja huku ukikandamiza. Ndipo zafarani na viazi. Samaki wakubwa hawaingii pamoja: wa nyama ngumu kama mkunga na baudroie hutangulia, Saint-Pierre hufuata dakika chache za mwisho. Ukiwatia wote mara moja, walaini watasambaratika kabla wagumu hawajaiva.

Jibu la 3
Nyongeza: yenye malai na ladha ya magamba ya kamba ni bisque, msiichanganye na hii. Na rouille, ile sosi ya kitunguu saumu, pilipili, zafarani na mafuta, pakeni juu ya mkate mkavu. Ikiwa ina kiini cha yai, msiitie kwenye chungu kinachochemka, itakatika.