Kikundi cha familia: Muvi ya Anko

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Anko Salim, ile muvi uliyoisifia wiki nzima nimeimaliza jana usiku. Nina neno.

Anko Salim: Marahaba. Neno lenyewe nalijua. Sema tu.

Zuhura: Nililala usingizi mnono 😂

Bakari: Muvi ya kutisha inayobembeleza 😂😂

Anko Salim: Niliisifia kabla sijaiona. Jina la mwongozaji John Carpenter lilinitosha. Nimeiona juzi, tangu hapo nimenyamaza, hamkugundua?

Shangazi Rehema: Ipi hiyo jamani?

Zuhura: The Ward, shangazi, ya 2010. Marekani, mwaka 1966. Msichana anachoma nyumba, anafungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Wodini kawakuta wenzake wanne, wanatoweka mmoja mmoja, na usiku kuna mzimu unapita.

Bakari: Carpenter si ndiye wa ile muvi ya Halloween?

Anko Salim: Ndiye! 1978, pesa zenyewe hazikufika hata nusu milioni ya dola. Kile kinyago cha muuaji kilikuwa sura ya Kapteni Kirk wa tamthilia ya Star Trek, wakakipaka rangi nyeupe na kupanua matundu ya macho, basi. Muziki alitunga mwenyewe. Noti chache tu za piano, ukizisikia unageuka nyuma.
Sasa mtu kama huyo anakaa tangu 2001 bila filamu ya sinema, anarudi, muziki kampa mwingine, hadithi wameandika wengine. Ndiyo maana haina ladha yake.

Bakari: Anko, hapo sikubali. The Thing, muvi yake huyohuyo, muziki ni wa Ennio Morricone, na skripti hakuandika yeye. Mbona hiyo unaiapia?

Anko Salim: 🤐

Zuhura: Kapatikana!

Anko Salim: Haya, umenipata. Ila angalia pale wanapopima damu kwa waya wa moto. Wamefungwa vitini, unajua kuna mmoja si mtu, hujui nani. Anachomwa damu wa kwanza, hakuna kitu. Wa pili, hakuna kitu. Unaanza kuomba litokee la kutokea ili kuishe huko kungoja. Kwenye The Ward hakuna kungoja. Kimya, mkono unachomoza, PWAAA. Mara ya tatu nikawa napunguza sauti mapema.

Zuhura: Mie hayo ya kushtuana ningeyasamehe. Kilichoniudhi ni mwisho.

Dada Asha: Msinimalizie! Nimeipakua nami.

Zuhura: Dada ruka ujumbe unaofuata.

Zuhura: Kumbe wasichana wote ni mtu mmoja, nafsi iliyogawanyika vipande. Yaani nimemwonea huruma yule anayeng'ang'ania sungura wake wa kuchezea, kumbe hakuwahi kuwepo. Nirudishiwe huruma yangu.

Dada Asha: Nimesoma 😭

Bakari: Macho hayana pazia

Anko Salim: Hapo nimtetee kidogo mzee. Mwanzoni, majina yanapopita, kuna picha za wagonjwa wa zamani na vioo vinavyopasuka vipande vipande. Alishatuambia, sisi ndio hatukusikia.

Zuhura: Kuniambia mapema hakuifanyi initishe.

Shangazi Rehema: Lakini shemeji, si wewe uliyetusimulia kwamba hiyo ya damu na waya nayo walipoitoa 1982 ilipondwa, haikuuza, leo kila mtu anaiimba? Pengine na hii wakati wake bado.

Anko Salim: Shemeji, nilijiambia hivyohivyo. Jana nimeiangalia tena, peke yangu, taa nimezima.

Shangazi Rehema: Enhe?

Bakari: Anko?

Zuhura: Anaandika... anafuta... anaandika...

Anko Salim: Korido zimepigwa picha vizuri.