Kerneli imesomwa kutoka kwenye diski ya NVMe, kisha inadai diski hiyo haipo

mtunza_seva ameuliza:

Habari za kazi, wanajukwaa. Ninasimamia seva ya chuo kimoja inayoendeshwa kwa Debian 12 (mfumo endeshi wa Linux), ambayo mtangulizi wangu aliisakinisha kwenye kompyuta yenye diski ya SATA. Kompyuta hiyo imechakaa, tukanunua nyingine yenye nafasi ya diski za NVMe tu (aina mpya zaidi, inayopitia njia ya PCI ya ubao mama), nami nikainakili diski ya zamani yote kwenye mpya kwa amri ya dd, nikitumia Debian inayowaka kutoka kwenye fleshi. Baada ya kuielekeza UEFI (programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta) kwenye faili la GRUB (programu inayoipakia kerneli), menyu inatokea kama kawaida na kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, inaanza kazi. Lakini muda si mrefu mfumo unalalamika kwamba UUID (namba ya utambulisho) ya sehemu yenye mfumo mkuu wa faili haipo, kisha unaniacha kwenye skrini ya amri ya initramfs (mfumo mdogo wa muda wa kuwashia). Nikisoma /proc/partitions nikiwa hapo sioni diski hata moja, ingawa ndani ya /sys/bus/pci/devices kidhibiti cha NVMe kimeorodheshwa.

Linalonitatiza ni kwamba kerneli yenyewe imesomwa kutoka kwenye diski hiyo hiyo. Inawezekanaje kilichotoka ndani ya diski kidai kwamba diski haipo? Nilidhani draiva (programu inayoiwezesha kerneli kutumia kifaa) haikujumuishwa katika initramfs, nikafungua /etc/initramfs-tools/initramfs.conf kwa kupitia fleshi, lakini humo nimekuta MODULES=most, ambayo kwa ninavyoelewa ina maana kwamba draiva karibu zote za diski zinawekwa. Mwenzangu mmoja ananishauri nijenge kerneli yetu wenyewe, ambayo draiva ya NVMe imo ndani yake moja kwa moja, ili tusitegemee tena moduli, yaani draiva zinazopakiwa kando. Naomba maoni kabla sijaanza kazi hiyo. Kama linahusika, mstari wa amri wa kerneli una kigezo elevator=deadline kilichoachwa na mtangulizi wangu.

mzee_wa_kerneli amejibu:

Ndugu mtunza_seva, swali lako la kwanza ndilo lenye ufunguo wa mengine yote. Kerneli haikujisoma yenyewe kutoka kwenye diski. Iliyoisoma ni GRUB, na GRUB inapoendeshwa chini ya UEFI huwa haina haja ya draiva yake ya NVMe, kwa sababu huiomba UEFI isome vipande vya diski kwa niaba yake, na UEFI ina draiva iliyowekwa na mtengenezaji wa ubao mama. GRUB huweka mafaili mawili kwenye RAM, yaani kerneli na initramfs, kisha hukabidhi kazi. Mara tu makabidhiano hayo yanapokamilika, huduma zile za UEFI za kusoma diski hufungwa, wala kerneli haiwezi kuziita tena. Kuanzia hapo kerneli inajitegemea: kama haina draiva ya kidhibiti kile, diski kwake haipo, hata kama sekunde chache zilizopita ilitoka humo.

Kerneli ya Debian haikubeba draiva ya NVMe mwilini mwake. Draiva hiyo imejengwa kama moduli mbili, nvme-core na nvme, na mafaili yake yamo katika /lib/modules, yaani ndani ya mfumo mkuu wa faili, ambao nao umo ndani ya diski inayotakiwa kusomwa kwa draiva hizo. Ni ufunguo uliofungiwa ndani ya sanduku lake. Initramfs ipo kwa ajili ya kuuvunja mzunguko huo: ni mfumo mdogo wa faili unaoletwa kwenye RAM pamoja na kerneli, ukiwa na nakala za moduli zinazohitajika mpaka mfumo mkuu upachikwe.

Wewe mwenyewe umeona kwamba kidhibiti kimeorodheshwa katika /sys/bus/pci/devices. Hilo linathibitisha kwamba tabaka la PCI limefanya kazi yake: limekikuta kifaa na kusoma namba za utambulisho wake, pamoja na namba ya jamii, ambayo kwa NVMe ni 0108 ikifuatiwa na 02. Baada ya hapo kerneli hutoa tangazo, udev (huduma inayoshughulikia vifaa vinavyojitokeza) iliyomo katika initramfs hulipokea, na modprobe (amri ya kupakia moduli) hutafuta katika faili la modules.alias ni moduli ipi inayodai jamii hiyo. Ikiwa moduli haimo katika initramfs, utafutaji unaishia hapo kimyakimya bila kosa lolote kuandikwa, na ndiyo sababu watu hupoteza saa nyingi wakishuku kebo, diski au UUID.

Sasa tuje kwenye MODULES=most. Faili ulilolisoma si la mwisho kusikilizwa. Mafaili yaliyomo katika /etc/initramfs-tools/conf.d husomwa baada yake na hulishinda. Msakinishaji wa Debian, anapoendeshwa katika hali ya kitaalamu, huuliza kama initramfs iwe na draiva zote au zile tu zinazohitajiwa na kompyuta hiyo; ukichagua la pili, huandika faili liitwalo driver-policy ndani ya conf.d, likiwa na MODULES=dep. Nina hakika karibu kamili kwamba mtangulizi wako alichagua hivyo. Halikuwa kosa, maana initramfs ndogo hupakiwa haraka na haijazi /boot, yanakowekwa mafaili ya kuwashia. Ila huifunga seva na kompyuta iliyosakinishiwa.

Washa kwa fleshi, pachika sehemu kuu ya diski mpya pamoja na /boot kama ni sehemu ya peke yake, unganisha /dev, /proc na /sys ndani yake, kisha ingia kwa chroot (amri ya kufanya kazi ndani ya mfumo huo kana kwamba ndio uliowaka). Badilisha dep iwe most katika driver-policy, halafu endesha update-initramfs -u -k all. Usiache maneno -k all: bila hayo ni picha ya kerneli moja tu inayotengenezwa upya. Wala usiweke jibu la uname -r badala yake, kwa kuwa ndani ya chroot hutaja kerneli ya fleshi, wala si ya seva yako. Kabla ya kuzima, kagua kwa lsinitramfs ukiielekeza kwenye faili la initrd la kerneli yako, utafute neno nvme. Usipoliona humo, hakuna haja ya kuwasha upya.

jiwe_la_msingi amejibu:

Maelezo ni mazuri, lakini mimi ninaunga mkono ushauri wa yule mwenzake. Seva haibadilishi vifaa kila wiki. Ukijenga kerneli yenye CONFIG_BLK_DEV_NVME=y, pamoja na draiva ya mfumo wa faili wa ext4 kwa namna hiyo hiyo, huhitaji initramfs kabisa, na sehemu moja inayoweza kuharibika imeondoka. Kwa miaka mingi nimeendesha mitambo midogo kwa utaratibu huo bila matatizo.

bi_moduli amejibu:

Kwa heshima, kaka jiwe_la_msingi, kwa mitambo midogo unayoijenga mwenyewe tangu mwanzo hilo linafaa, lakini kwa seva hii ningelipinga.

Kwanza, draiva iliyojengwa ndani ya kerneli haitoshi kumfikisha anakotaka. Anautafuta mfumo mkuu kwa UUID ya mfumo wa faili, na kerneli yenyewe haijui kutafuta kwa UUID ya namna hiyo. Kazi hiyo hufanywa na programu zilizomo katika initramfs. Kerneli ikiwa peke yake huelewa PARTUUID, ambayo ni utambulisho wa kigawanyo katika jedwali la diski, au jina kama /dev/nvme0n1p2. Kwa hiyo akiondoa initramfs bila kubadilisha kigezo cha root, ataangukia kwenye kerneli inayokwama kabisa ikisema haiwezi kupachika mfumo mkuu, bila hata ile skrini ya amri inayomsaidia sasa. Na kama siku moja chuo kitataka diski isimbwe kwa LUKS, au mfumo mkuu uwekwe juu ya LVM (tabaka la kugawanya diski), initramfs italazimika kurudi.

La pili ndilo zito zaidi. Anayejenga kerneli yake amejitwika kazi ya kuijenga upya kila Debian inapotoa sasisho la usalama la kerneli. Mtu mmoja anayehudumia chuo kizima ataifanya mara ya kwanza kwa bidii, mara ya pili kwa kuchelewa, na baadaye seva itabaki na kerneli ya zamani yenye mianya inayojulikana na kila mtu. Kerneli ya usambazaji pamoja na MODULES=most inagharimu makumi ya megabaiti tu kwenye /boot, nami sioni kwa nini mtu aziokoe hizo kwa bei hiyo.

Kuna tahadhari ninayopenda kuiongeza kabla hajawasha. Kompyuta nyingi mpya zenye prosesa za Intel hutoka kiwandani zikiwa zimewashiwa VMD, ambayo huziweka diski za NVMe nyuma ya kifaa kingine cha PCI. Hapo moduli ya nvme peke yake haitoshi. Ni lazima moduli ya vmd ipakiwe kwanza, ndipo diski zilizo nyuma yake zionekane, nazo huonekana katika eneo la PCI lenye namba kubwa inayoanza na 10000. Ukitumia most, moduli zote mbili zitaingia. Katika baadhi ya kompyuta za zamani kidogo, hali iliyoandikwa RAID katika mpangilio wa BIOS huificha NVMe nyuma ya kidhibiti cha SATA, na huko Linux haina la kufanya: draiva ya ahci, yaani ya vidhibiti vya SATA, huandika katika kumbukumbu za kerneli kwamba imekuta diski za NVMe zilizofichwa, ikakutaka ubadilishe mpangilio uwe AHCI. Kwa seva ya Linux tu mabadiliko hayo hayana hasara. Kama Windows nayo imo humo, usiyafanye kabla ya kuitayarisha, kwani itakataa kuwaka ikidai haifikii diski yake, kwa sababu iliyo sawa kabisa na hii tunayoijadili: draiva ambayo Windows inaihitaji wakati wa kuwaka siyo ile iliyoandaliwa.

mtunza_seva amejibu:

Ninawashukuru sana. Faili la driver-policy lilikuwapo, na ndani yake MODULES=dep, kama mzee_wa_kerneli alivyotabiri. Nimelibadilisha, nimetengeneza initramfs upya, lsinitramfs sasa inaonyesha nvme na vmd, na seva imewaka. Ninaachana na wazo la kujenga kerneli.

Nimebaki na mambo mawili. Je, baada ya kuhama nirudishe dep ili /boot isijae? Na kile kigezo cha elevator=deadline kina maana gani sasa, kwani katika kumbukumbu za kerneli ninaona onyo kwamba hakina athari tena?

mzee_wa_kerneli amejibu:

Kuhusu dep, bi_moduli ameshatoa hesabu nami nakubaliana naye. Kama /boot yako ni ndogo, ondoa kerneli za zamani kwa apt autoremove kabla ya kufikiria kupunguza draiva. Siku ubao mama utakapoungua na ukalazimika kuichomeka diski kwenye kompyuta yoyote iliyo karibu, utafurahi kwamba ahci, nvme, vmd na draiva za diski za USB zote zimo.

Kuhusu elevator, hilo ni salio la zama nyingine. Zamani kila diski ilikuwa na foleni moja ya maombi ndani ya kerneli, na kigezo kile kilichagua kanuni ya kuzipanga zamu za maombi hayo kwa diski zote kwa pamoja. Mpango huo uliwafaa watu wakati diski ilikuwa sahani inayozunguka na kichwa kinachosogea, kwa kuwa mpangilio mbaya wa maombi ulimaanisha kichwa kwenda na kurudi bila sababu. Diski za SATA zinazotumia AHCI hupokea foleni moja yenye amri 32, ilhali kiwango cha NVMe kinaruhusu zaidi ya foleni 65,000, hivyo kila kiini cha prosesa kinaweza kupewa foleni yake bila kugombania kufuli moja na vingine. Tabaka jipya la foleni nyingi, blk-mq, liliingia katika kerneli 3.13 mwaka 2014, na katika kerneli 5.0 ya mwaka 2019 tabaka la zamani likaondolewa pamoja na kanuni zake, cfq ikiwamo. Tangu hapo kila diski huchaguliwa kanuni yake, na kigezo kile cha jumla kikapoteza kazi.

Soma /sys/block/nvme0n1/queue/scheduler, nawe utaona iliyochaguliwa ikiwa ndani ya mabano ya mraba. Kwa kawaida kerneli huipa NVMe none, yaani hakuna upangaji, na mq-deadline huenda kwa diski zenye foleni moja. Iache hivyo. Lifute neno elevator=deadline katika /etc/default/grub, endesha update-grub, na ukiongeza baadaye diski kubwa ya kuzunguka kwa ajili ya nakala za akiba, ipangie yake peke yake kwa kanuni ya udev inayoandika bfq au mq-deadline katika faili hilo la scheduler la diski husika.

bi_moduli amejibu:

Nyongeza fupi juu ya diski hiyo ya akiba, kama itakuwa ya USB. Itashikwa na moja kati ya draiva mbili, uas au usb-storage. Ya kwanza hutuma amri nyingi kwa wakati mmoja na ni ya haraka zaidi, lakini kuna vifuko vya diski ambavyo chipu zake hudai kuielewa kisha huganda katikati ya kunakili. Ukiona katika kumbukumbu za kerneli kwamba uas inarudiarudia kukata amri na kukianzisha upya kifaa, soma namba zake mbili kwa lsusb, uziandike katika kigezo cha usb-storage.quirks zikifuatiwa na herufi u, ili kifuko hicho kihudumiwe na usb-storage na vingine vyote vibaki na uas. Usiizuie uas kwa mfumo mzima. Na kwa kuwa draiva hizo nazo zimo katika initramfs yako, ukiweka kigezo hicho ndani ya /etc/modprobe.d badala ya mstari wa GRUB, tengeneza initramfs upya, la sivyo diski iliyochomekwa kabla ya kuwasha inaweza kupakiwa kwa mpangilio wa zamani.