Vioo vya boti ya zamani: mpira na fremu nitapata wapi?

NahodhaTudor
Salaam wana pwani. Boti ya faiba, futi 22, ya miaka ya 1980. Vioo vya ubavuni ni vya pleksi (plastiki angavu), vimejaa nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na mpira unaovishika unamong'onyoka ukiubonyeza. Cha mbele kina fremu ya alumini, kinavuja pembeni. Vipuri vya modeli hii Mombasa havipo. Nifanyeje?

FundiFaiba
Jina la boti lisahau, nenda na vipimo. Mpira huo una mifuo miwili: mmoja unameza kioo, wa pili unameza ukingo wa faiba, halafu kuna ufito mwembamba wa kuukaza. Kata kipande cha sm 5, kisafishe, uende nacho kwa wauza mipira ya vioo vya mabasi na malori. Unene wa faiba upime kwa kalipa (kipimo cha taya) kila upande, maana kazi ya mkono hailingani: hapa mm 5, pale 8. Ulizia mpira wa aina ya EPDM, unastahimili jua. Ukiukata usiuvute, utajirudi na kuacha mwanya kwenye kiungo. Kuvisha ni kwa sabuni ya vyombo, grisi huuvimbisha.

Kusi_Kaskazi
Pleksi mpya iwe mm 6, kioo cha zamani ndicho kigezo cha kukatia. Karatasi ya kukinga usiibandue hadi mwisho. Kama kuna skurubu, tundu lizidi skurubu kwa mm 2, kwa sababu pleksi ya mita 1 hutanuka karibu mm 2 joto likipanda nyuzi 30. Ikibanwa, ufa unaanzia hapo hapo tunduni. Na msiifute kwa thina wala petroli jamani! Sabuni na maji, basi.

NahodhaTudor
Shukran. Na ya mbele, nijaze silikoni tu?

FundiFaiba
Kujaza juu juu ni kupoteza pesa. Ifungue. Ukikuta unga mweupe chini ya vichwa vya skurubu, ni stenlesi ya skurubu inakula alumini ya fremu kwa msaada wa chumvi. Kwangua, na kila skurubu uipake silikoni kabla ya kuirudisha. Silikoni yenye harufu ya siki usiiguse, nayo inakula alumini. Chukua isiyo na asidi. Fremu usiikaze hadi silikoni yote itoke, bakisha mm 2 ndani, ikauke, ndipo umalizie. Kisha jaribu kwa mpira wa maji, ukianzia chini kupanda. Ukianzia juu hutajua panapovuja ni wapi.