Mjadala: nchi gani ya nje unaipenda kutoka moyoni, na ilikufanyia nini?

Jameni nina swali na sitaki matusi. Ukitoa Uganda, nchi gani unaipenda kabisa, yaani hata ikifungwa na Cranes, timu yetu ya taifa, unaionea huruma kidogo? Na msiniletee mambo ya serikali, serikali zinapendana kwa mikopo. Bwawa la umeme la Karuma limejengwa kwa mkopo wa Mchina, barabara mpya ya Entebbe hivyo hivyo, sasa wewe unampenda mtu anayekudai?

Mimi ni dereva wa trela, Mombasa, Malaba, Juba, mara moja moja Kigali. Sisi nchi tunaipimaga mpakani. Rwanda safi sana, barabarani hakuna wa kukuomba chai, lakini Februari 2019 mpaka wa Gatuna ukafungwa na ulikuja kufunguliwa mwisho wa Januari 2022, karibu miaka mitatu watu wa Kabale na ndugu zao wa upande ule wanaangaliana tu. Anayeweza kukufungia mlango hivyo unampenda nusu. Kenya nayo ni jirani mwenye kisima, unamsalimia vizuri kwa sababu ya maji. Mnakumbuka 2008 baada ya uchaguzi wao? Reli iling'olewa pale Kibera, malori yakakwama, mafuta yakawa shida Kampala, sisi ambao hata kura hatukupiga tukatembea kwa miguu.

Kwa hiyo mimi nasema Tanzania, na sababu yangu ni ya 1979. Amin aliingia Kagera Oktoba 1978, Nyerere akajibu, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Mzee wangu alikuwa kijana huko Kyotera, anasema saba saba, yale makombora ya Watanzania, zilikuwa zinapita usiku juu ya migomba, ukisikia mlio ujue haikukupata wewe. Halafu wakaja bakombozi, ndivyo Waganda walivyowaita wale askari wa Tanzania, na mmoja alikaa kwenye shamba letu la kahawa kama wiki tatu. Matoke alikataa kabisa, eti chakula cha mgonjwa. Lakini alimfundisha mzee Kiswahili. Kabla ya hapo Kiswahili kwa mzee ilikuwa ni lugha ya kuambiwa na askari lala chini, toa pesa, wapi mkubwa wako. Yule askari ndiye mtu wa kwanza kumwambia mzee shikamoo inaitikiwaje na kwa nini. Mimi leo naandika hapa kwa sababu yake, wala jina lake hatulijui.

Kwangu nchi ya kupenda ni ile iliyokuja siku yako mbaya, zingine zote ni biashara. Haya, nipingeni.

Mwalimu wa Mbale:
Ndugu dereva umeidhulumu Kenya. Siku mbaya si ni hizo hizo za Amin? Walimu wa Uganda walikimbilia wapi? Baba mdogo alifundisha hesabu huko Kenya miaka tisa, wanafunzi wake sasa wana mvi na wakimpigia simu bado wanamwita sir. Najua Machi 2021 walitufanyia vibaya, wakapiga marufuku mahindi yetu na ya hao Watanzania wako pia, eti yana sumukuvu, halafu baada ya siku chache wakafungua kwa masharti. Ilituuma. Lakini mtu wa nyumba moja akikukasirikia leo kesho mnakula sahani moja, ni ugomvi wa ndugu tu. Na kisima chenyewe si umekunywa?

Binti Bombo:
Mkombozi ni kwenu mzee dereva, kwetu historia ni nyingine. Mimi ni Mnubi wa Bombo. Babu alikuwa fundi cherehani, bunduki hajawahi kushika, lakini 1979 Wanubi tulihesabiwa watu wa Amin, jina lake na mtaa wake vilitosha. Na waliomfuata hawakuwa Watanzania, nisiwasingizie, ni majirani waliokuwa wanashonewa kanzu na yeye. Bibi akatoka na watoto watatu, mmoja mgongoni, wakaenda kaskazini, gari kidogo miguu sana, mpaka Yei ambayo wakati huo ilikuwa Sudan. Huko walikuta mama mmoja ana nyumba mbili za nyasi akawapa moja, hakuuliza kabila wala Amin ni nani yenu.

Kwa hiyo kwa kipimo chako hicho hicho cha siku mbaya, mimi nchi yangu ni Sudan, zote mbili. Halafu muulize vizuri mzee wako Masaka ilibomolewa na nani Februari 1979. Ni bakombozi hao hao, wakilipiza ya Kagera. Kyotera na Masaka si mbali.

Watu wa Yei sasa wako kwetu, kambi ya Bidibidi pale Yumbe, tangu 2016, na wa Khartoum wako Kiryandongo tangu vita yao ya Aprili 2023. Bibi ana miaka themanini na kitu. Akisikia mtu sokoni anasema wakimbizi wamejaa, anaziacha nyanya alizokuwa ameshachagua anaondoka, na mimi narudi nyuma kuomba radhi kwa muuzaji.

Fundi wa Ndeeba:
Nyinyi mnaleta vita mimi naleta injini. Japani! Tangu nianze kujua kushika spana nafungua vitu vya Mjapani, kamunye za abiria, hizi mpya tunazoziita drone, pickup za wakulima, na watoto wanne nimesomesha. Mtu alikaa huko kwao akafikiria nati moja ikae wapi ili fundi wa Ndeeba miaka ishirini baadaye aifikie bila kushusha injini nzima. Huo ni upendo ssebo, hamtaki tu kukubali. Na lile daraja la Jinja je, mita 525, lilifunguliwa Oktoba 2018, bila hilo tungekuwa bado tunabanana juu ya bwawa la 1954. Ndiyo, ni mkopo wa Mjapani, najua dereva utasema. Lakini mkopo na mkopo si sawa, kuna anayekukopesha ukajenga na kuna anayekukopesha ukalia.

Mwalimu wa Mbale:
Fundi wewe unapenda Toyota, hujasema kitu kuhusu Japani.

Fundi wa Ndeeba:
Mwalimu, wewe nawe unapenda ugali.

Nyabo wa Kawempe:
Mimi nilienda kyeyo, yaani kazi ya nje, nikawa kadama, mfanyakazi wa nyumbani, miaka miwili Ghuba, nchi siitaji kwa sababu mdogo wangu yuko huko bado. Pesa nilileta, kiwanja nilinunua, kwa hiyo wakiniuliza nasema asante. Kupenda ni neno lingine. Simu walinichukua siku ya kwanza, nikawa naishi kwa kuhesabu Ijumaa.

Nyumba ya pili kulikuwa na Mfilipino, naye mfanyakazi kama mimi. Tukikutana kwenye takataka asubuhi, dakika mbili tatu hivi, Kiingereza chetu wote kibovu. Yeye simu aliificha kwenye mfuko wa mchele. Kila Jumapili aliniletea, naongea na mama nikiwa nimeinama nyuma ya mapipa, bando alinunua yeye, na mshahara wake haukuzidi wangu kwa kiasi cha kuringia. Siku nimepata homa alipitisha supu ya tangawizi na kuku kwenye nafasi ya geti.

Ufilipino sijafika na sitafika, hata kwenye ramani nilitafuta nikaona vipande vipande tu ndani ya maji. Lakini nikisikia kimbunga kimewapiga nashindwa kula. Sasa dereva niambie, hapo ni nchi naipenda au ni mtu mmoja? Maana hata wewe ni askari mmoja, na huyu wa Bombo ni mama mmoja mwenye nyumba mbili.

Asiyetaja alipo:
Marekani, na naomba msinitukane. Mama yangu yuko hai kwa dawa za UKIMWI zilizokuja na mpango wa Bush wa 2003, PEPFAR, mimi nilizaliwa bila virusi kwa sababu ya dawa hizo. Januari 2025 waliposimamisha misaada niliona mama anahesabu vidonge mezani, anavirudisha kwenye kopo, anavihesabu tena. Wameshatuokoa na wameshatutisha, mkono ni ule ule. Nyabo mimi hata mtu mmoja sina, ni kopo tu lenye bendera. Bado naipenda, lakini naipenda huku nimeshika moyo.

Wa Masindi:
Mbona hamuulizi sisi nani anatupenda? Hapa kwetu Nyabyeya kuna kanisa walijenga Wapoland, wakimbizi wa vita vya pili vya dunia, walikuwa maelfu, wengine waliwekwa Koja huko Mukono. Waliondoka, wengine wamebaki makaburini. Wazungu wakimbizi Uganda, ukimwambia mtoto wa siku hizi anacheka. Wazee wanasema Wapoland walilima, wakaoka mikate, wakaimba sana. Hao ndio wangu.

Dereva (mwenye swali):
Nimesoma zote hapa Malaba kwenye foleni, muda ninao wa kutosha. Binti Bombo umenishika pabaya. Nimempigia mzee usiku huu, nikamuuliza Masaka. Akakaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika, halafu akasema alipita pale baada ya vita, mji ulikuwa kama kinywa kisicho na meno, na yule askari wake aliwahi kumwambia usiende Masaka bado. Miaka yote hakuwahi kutuambia kipande hicho. Tanzania siiachi, lakini kesho nikiulizwa nitasimulia na hicho.

Nyabo wa Kawempe, jibu lako sina. Nadhani ni mtu mmoja, halafu nchi inapanda gari la bure.

Keshokutwa nikijaliwa nitakuwa mpakani Elegu, navuka Nimule kwenda Juba. Binti Bombo, bibi nimletee nini kutoka upande ule?

Binti Bombo:
Nimemuuliza. Anasema kisra, ule mkate mwembamba wa kwao, itafika imekauka, lete mafuta ya simsim, na uwe mwangalifu njiani baba.

Fundi wa Ndeeba:
Dereva, na hiyo trela unayopeleka huko ni ya nchi gani kwanza?

Dereva (mwenye swali):
Actros. Mjerumani. Na wewe lala.