Mchezo bora wa mezani: tuupime kwa mshindi au kwa anayeshindwa?

KeteYaMwisho anauliza:

Ndugu wapenzi wa michezo ya mezani na karata,

Kila tunapojadiliana mchezo upi ni bora, hoja hurudi pale pale: kina cha mbinu, uzuri wa sheria, na kiasi cha bahati. Naomba safari hii tuutazame mchezo kwa macho ya yule anayeelekea kushindwa.

Wiki iliyopita tulikaa watu watano kucheza mchezo wa kununua mitaa na kutozana kodi. Mpwa wangu mwenye umri wa miaka 11 alifilisika ndani ya saa ya kwanza, nasi wengine tukaendelea kwa saa mbili zaidi. Nilipomgeukia, nilimkuta amezipanga nyumba ndogo za plastiki kwa safu, akizihesabu kimya kimya, na kila mmoja wetu alipohitaji nyumba alimkabidhi bila kuinua macho. Tangu siku hiyo ninaamini kwamba mchezo unaomwondoa mtu mapema na kumwacha ameketi, hata uwe na umaarufu wa namna gani, haustahili kuitwa bora.

Ninaloliuliza ni hili: ni mchezo gani ambao anayeshindwa hubaki na jambo la maana la kufanya hadi mwisho? Mimi napendekeza Catan, mchezo wa kujenga vijiji na miji, alioubuni Klaus Teuber na ukatoka Ujerumani mwaka 1995. Humo hakuna anayetolewa, na anayeongoza mara nyingi huhitaji kubadilishana mali na wenzake, kwa hiyo hata anayeburura mkia ana haki ya kumwambia, "Matofali yangu sikupi."

ShupazaSaba anajibu:

Nakubaliana nawe kuhusu kijana, lakini nadhani umelilaumu jambo lisilo lenyewe. Kosa la mchezo ule ni kwamba kushindwa kwenyewe huchukua muda mrefu mno. Katika karata, mtu akishindwa, dakika chache baadaye karata zinakusanywa, zinachangwa, zinagawiwa upya, na wote wanaanza sawa. Karata 52 zinaweza kupangwa kwa namna nyingi kiasi kwamba idadi yake huandikwa kwa tarakimu 68, hivyo hakuna sababu ya mtu kudhani kwamba mkosi wa mgao uliopita utamfuata katika mgao ujao.

Kwangu mimi mchezo bora ni briji, karata za watu wanne, wawili dhidi ya wawili, na hoja yangu inatoka kwenye mkono mbaya kuliko yote niliyowahi kugawiwa. Sikuwa na karata hata moja iliyozidi tisa. Wapinzani walikuwa wamejifunga kupata mizunguko kumi kati ya 13 kwa turufu ya kopa, nasi kazi yetu ilikuwa kuwazuia. Mwenzangu alianza na ree ya uru, nami nikaweka nane. Akafuata na mfalme wa uru, nami nikaweka tatu. Kuweka kubwa kwanza na ndogo baadaye ni ishara tuliyokubaliana, na kila mtu mezani ana haki ya kuielewa: maana yake, uru zangu zimekwisha. Akaleta uru ya tatu, nikaikata kwa kopa ya mbili, turufu ndogo kuliko zote. Baadaye mwenzangu alipata mzunguko mmoja kwa ree ya shupaza, na wapinzani wakabaki na tisa badala ya kumi walizoahidi. Naomba unitajie mchezo mwingine ambamo mwenye mkono duni namna ile huwa na kazi ya kweli ya kufanya.

Zaidi ya hayo, mashindano ya briji yamelipatia dawa tatizo la bahati: karata zilizogawiwa meza moja huchezwa vile vile katika meza nyingine, kisha matokeo hulinganishwa. Unaweza kupoteza karibu kila mzunguko na bado ukawa umecheza vizuri kuliko wote waliokalia kiti kama chako.

NafasiTupu anajibu:

Ndugu ShupazaSaba amesema vizuri, ila nahofia kwamba kijana wa miaka 11 akipewa briji atahitaji miezi mingi kabla hajaielewa hiyo ishara ya nane na tatu.

Mimi nitatetea ubao. Jambo linalonivutia ni kile kinachotokea baada ya kete kuliwa. Katika chesi, kete iliyoliwa imekwenda, na aliyepoteza malkia bila fidia mara nyingi hucheza nusu saa iliyobaki akingoja hukumu anayoijua tayari. Katika bao, kete haitoki mchezoni. Hubadilisha mwenyewe tu. Kete ni 64 mwanzo na ni 64 mwisho, na alizokula mpinzani wako zinasambazwa upande wake, ambako nawe unaweza kuzifuata. Ndiyo maana mtu aliyebakiwa na kete chache katika mashimo yake 16 anaweza kupata njia moja ndefu, akala, akasambaza, akala tena, na mchezo mzima ukapinduka kabla hajasimama. Shogi, chesi ya Wajapani, ina wazo linalokaribiana na hilo: kete uliyoiteka unaweza kuirudisha ubaoni iwe askari wako.

Hata hivyo, iwapo ni lazima nichague mmoja tu, nitachagua Go, mchezo wa kale wa Asia Mashariki wa kuzingira maeneo ubaoni kwa kete. Sababu si ukubwa wa ubao wake wenye makutano 361, wala si sifa uliyopata mwaka 2016 programu ya AlphaGo ilipomshinda bingwa wa Korea Kusini, Lee Sedol, michezo minne kwa mmoja. Sababu ni kete za kutangulizwa. Aliye dhaifu huweka kete mbili, tatu, hadi tisa ubaoni kabla mwenye nguvu hajacheza hata moja, na kwa kawaida kila daraja la tofauti kati yao hulipwa kwa kete moja. Mwalimu na mwanafunzi wake hukaa wakapambana kwa dhati, na mwalimu hana haja ya kujifanya amekosea. Kumwachia mtoto ashinde kwa makusudi ni kumnyima ushindi wake, na watoto hulitambua hilo haraka kuliko tunavyodhani.

DaduMbili anajibu:

Naomba nirudi kwenye Catan, kwa kuwa ninaupenda mchezo huo na nimeucheza miaka mingi, na kwa sababu hiyo hiyo siwezi kuukubali kwa kipimo alichokiweka muulizaji. Haki ya kukataa kubadilishana ina upande wake mchungu. Niliwahi kuwa na alama tisa, nikihitaji moja tu kufikisha kumi za ushindi, na jirani yangu naye alikuwa na tisa. Zamu ilipomfikia, mchezaji wa tatu, mwenye alama nne na asiye na tumaini lolote, alimpa madini matatu kwa kondoo mmoja. Jirani akajenga mji, mchezo ukaisha. Hakuna sheria iliyovunjwa. Lakini ushindi uliamuliwa na mtu ambaye hakuwa tena na sababu ya kucheza kwa faida yake mwenyewe. Kumpa anayeshindwa la kufanya hakutoshi. Inafaa liwe jambo lenye manufaa kwake.

Kwa hoja hiyo naiweka mbele michezo ya kushirikiana, ingawa si yote. Katika Pandemic, mchezo wa Matt Leacock wa mwaka 2008, wote hushinda au hushindwa pamoja, lakini mzoefu mmoja akiwa mezani huishia kuwaamuru wengine wapeleke kete zao wapi, na huko nako ni kumwondoa mtu mchezoni huku ameketi. Hanabi ya Antoine Bauza, ambamo wote hushirikiana kupanga karata za kila rangi toka moja hadi tano, imelifunga tundu hilo kwa ustadi mkubwa. Kila mmoja hushika karata zake zikiwatazama wenzake, yeye akiona migongo tu. Hakuna anayeona yote, kwa hiyo hakuna anayeweza kuamuru. Karata ni 50, vidokezo vya pamoja vya kuambiana kuhusu karata ni vinane, na tano ya kila rangi ni moja tu: ukiitupa kwa kutojua, rangi hiyo haitakamilika tena. Nimeona mikono ya watu wazima ikisita juu ya karata moja kwa dakika nzima, meza yote ikiwa kimya.

KeteYaMwisho anaandika tena:

Nawashukuru sana. Ndugu DaduMbili, kisa cha madini matatu kimenishinda. Sina jibu, na ninaiondoa Catan katika nafasi ya kwanza. Hanabi nitaitafuta kwa ajili ya siku tunapokuwa watano. Lakini mara nyingi jioni tunabaki wawili, mimi na mpwa wangu, naye anataka kunishinda mimi, si kushirikiana nami. Ndugu NafasiTupu, je, mtoto anaweza kuanza Go kwenye ubao mzima, na nimtangulizie kete ngapi?

NafasiTupu anajibu:

Usianze na ubao mzima. Chukueni ule mdogo wa mistari tisa kwa tisa, wenye makutano 81, ambao mchezo wake huisha kwa takriban robo saa. Siku za kwanza mwache kuhesabu maeneo. Kubalianeni kwamba anayetangulia kuteka kete moja ameshinda, hadi jicho lake lizoee kuona kete iliyozingirwa. Baada ya hapo chezeni kwa sheria kamili, naye atangulize kete nne. Akikushinda mara tatu mfululizo, ondoeni moja. Ukimshinda wewe mara tatu, rudisheni moja. Na kete hizo aziweke yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kabla wewe hujagusa za kwako.