Nembo za wanavifaru wa Poland (Vita Kuu ya Pili): kitambaa au chuma?

MtunzaDroo: Pesa ipo ya kitu kimoja tu. Nembo ya kitambaa ya Divisheni ya 1 ya Vifaru ya Jenerali Maczek, au beji ya chuma ya Rejimenti ya 4 "Skorpion" iliyopigana Italia? Bei zinakaribiana.

UziSufi: Kitambaa. Ni duara la chungwa lenye chapeo na bawa la husaria (wapanda farasi wa kale wa Poland waliovaa mabawa) kwa rangi nyeusi. Geuza nyuma kwanza, maana mbele hudanganya. Uzi mweupe wa chini uliopangika sawasawa na utando wa plastiki ni kazi ya mashine za leo. Halafu taa ya urujuanimno (UV) gizani: uzi wa kisasa hung'aa bluu-nyeupe. Ila hata nembo halisi hung'aa ikishafuliwa kwa sabuni ya unga, kwa hiyo taa peke yake haitoshi.

Nati: Chuma, hakiliwi na nondo. Beji za jeshi la Jenerali Anders, ndilo la hao "Skorpion", zilizotengenezwa Italia huwa na jina la karakana nyuma, mfano Lorioli wa Milano. Jina si ushahidi lakini. Anayenakili kwa kalibu hunakili na jina. Chuma cha kumimina hunywea kikipoa, basi nakala huwa ndogo kidogo na herufi zake butu. Kwa lenzi ya mara 10 utaona vishimo vya hewa. Enameli ya zamani ni kioo, sindano haiachi alama. Resini, yaani plastiki ya kuigiza enameli, huacha.

UziSufi: Nondo dawa yake friza: mfuko uliofungwa, -18°C, wiki 2, usifungue mpaka upate joto la chumba. Beji yenye shaba nayo ikikaa kwenye mfuko wa PVC (plastiki laini) huota ukijani.

Lenzi10: Mmemsahau tai, yule ndege wa nembo ya Poland. Ukiuziwa seti ya "Maczek" yenye tai asiye na taji, imechanganywa. Tai huyo ni wa jeshi lililoundwa Umoja wa Kisovieti mwaka 1943. Divisheni ya Maczek iliundwa Scotland 1942 na tai wake ana taji. Vibendera vya kola vya wanavifaru ni vyeusi na chungwa, lakini rejimenti zilizotokana na askari wa farasi, kama ya 24 ya Ulani (wapanda farasi wa mikuki), zilibaki na rangi zake za awali. Hapo usimwite muuzaji tapeli.

MtunzaDroo: Kitambaa ninachokitazama kina gundi nyuma.

UziSufi: Ikikwaruzika kwa ukucha na kutoka unga, ni gundi ya albamu, haina neno. Ikivutika kama mpira, kiache.